Mti Umeangushwa, Nani Atajibu? Mazungumzo ya Kikundi cha Ukoo

Salimu (Uingereza): Asalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu wote. Naomba radhi kwa kuwaletea jambo zito usiku huu. Mwezi uliopita kampuni ya kukata miti ninayofanyia kazi ilitupeleka kwenye nyumba moja yenye mialoni miwili mikubwa bustanini, na msimamizi wetu akatuelekeza tuuangushe ule ulio karibu na nyumba. Nilimwuliza kama kibali cha halmashauri kipo, akanijibu kwamba mwenye nyumba ameshakipata. Leo nimepokea barua ya halmashauri inayosema kwamba mti ule ulikuwa chini ya amri ya kuhifadhi miti, kwamba uliangushwa bila ruhusa, na kwamba ninaitwa kuhojiwa na maneno yangu yanaweza kutumiwa mahakamani. Mimi ni mwajiriwa tu. Kosa hili ni langu, ni la kampuni, au ni la mwenye nyumba?

Baba Mdogo Idi (Jinja): Waalaikumu salaam, mwanangu, na pole sana. Mimi naona jibu liko wazi. Wewe ulitumwa, na wazee walituambia kwamba mjumbe hauawi. Aliyelipa fedha mti ukatwe ndiye atakayejibu, na kama yeye aliidanganya kampuni, basi wamalizane wenyewe. Mwanaidi, wewe ndiye wakili wetu, mtoe mtoto wasiwasi.

Shangazi Mwanaidi (Kampala): Salimu mwanangu, pole. Kaka Idi, ninaiheshimu hoja yako, lakini katika kosa hili mjumbe hushtakiwa pamoja na aliyemtuma. Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya Uingereza ya mwaka 1990, kifungu cha 210, haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtu yeyote anayekata, anayeng'oa au anayeharibu kwa makusudi mti uliolindwa, na vilevile mtu anayesababisha au kuruhusu kazi hiyo ifanyike. Kwa hiyo aliyeshika msumeno, kampuni iliyompeleka na mwenye nyumba aliyeagiza wanaweza kusimama kizimbani siku moja, na mmoja kupatikana na hatia hakumfuti mwingine. Mara nyingi halmashauri huwaandama mwenye mali na kampuni, lakini maneno ya sheria ni mapana na yanamfikia hata kibarua.

Baba Mdogo Idi: Lakini mtoto hakujua! Aliuliza, akajibiwa. Mtu atahukumiwaje kwa jambo asilolijua?

Shangazi Mwanaidi: Swali hilo lilishafika mahakamani, kaka. Mwaka 1980 iliamuliwa kesi ya halmashauri ya Maidstone, katika mkoa wa Kent, dhidi ya mkata miti aliyeangusha mwaloni akiamini kwamba ruhusa imetolewa. Mahakimu wa chini walimwachilia, lakini mahakama ya juu ikasema kwamba si lazima kuthibitisha kuwa mshtakiwa aliifahamu amri, kwa sababu kulinda miti ni jambo la manufaa ya umma na anayetaka kukata hapati taabu kubwa kwenda kuuliza halmashauri kwanza. Kutojua humsaidia mtu wakati wa kupimiwa adhabu, na hapo ndipo swali la Salimu kwa msimamizi wake litakapokuwa na uzito. Hakulifanyi kosa liwe halikutendeka.

Bibi (Bombo): Nimesomewa yote haya na mjukuu wangu. Mti umeota kwenye kiwanja cha mtu, yeye ndiye anayezoa majani yake, halafu serikali inamwambia asiuguse. Mti huo ni wa nani basi?

Shangazi Mwanaidi: Shikamoo, Mama. Mti unabaki kuwa wa mwenye kiwanja, na gharama za kuutunza ni zake. Amri haimnyang'anyi umiliki, bali inamzuia kuukata, kuung'oa au kuupogoa bila idhini, kwa sababu mti ule mkubwa unaupendezesha mtaa mzima na wapita njia nao wana haki ya kuufaidi. Na ukishaangushwa kinyume cha sheria, mwenye ardhi analazimika kupanda mwingine wa aina na ukubwa unaofaa mahali pale pale. Hata akiiuza nyumba, wajibu huo humfuata mnunuzi. Mimi nakiona kifungu hicho kuwa cha haki kuliko vyote katika sheria ile, kwa kuwa faini huingia serikalini na kusahauliwa, lakini mti mpya unakirudishia kizazi kijacho kitu.

Salimu: Shangazi, je, ninaweza kufungwa?

Shangazi Mwanaidi: Kwa kosa hili adhabu ni faini, mwanangu, si kifungo. Lakini faini yenyewe haina kikomo pale mti unapoharibiwa kabisa, na sheria inaitaka mahakama itazame faida ya fedha ambayo mshtakiwa ameipata au alitarajia kuipata. Iko kesi ya huko Poole, kusini mwa Uingereza, iliyofika mahakama ya rufaa mwaka 2013, ya mtu aliyesababisha msonobari wa jirani yake ukatwe ili aione bandari vizuri kutoka nyumbani kwake. Alitozwa faini ya paundi 75,000, na juu yake akanyang'anywa paundi 50,000 nyingine, kiasi ambacho nyumba yake ilipanda thamani kwa kupata mandhari yale. Wewe ulipata ujira wako wa siku tu, na tofauti hiyo mahakama huiona.

Dada Zubeda (Arua): Na wakubwa wa kampuni, watajificha nyuma ya jina la kampuni?

Shangazi Mwanaidi: Hawawezi kwa urahisi. Kifungu cha 331 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba kampuni ikitenda kosa kwa ridhaa, kwa kufumbia macho au kwa uzembe wa mkurugenzi au meneja, yeye mwenyewe naye ana hatia.

Salimu: Kuna jambo ambalo sijalisema. Mfanyakazi mwenzangu amenitumia picha ya barua ya idhini ambayo ofisi ilikuwa nayo tangu mwanzo. Inasema hivi: mti T2, kupunguza matawi ya juu kwa mita 2. Ule tulioukata, kwa jinsi ninavyoielewa ramani iliyoambatishwa, ni T1.

Shangazi Mwanaidi: Jambo hili linaniuma kuliko lile la kwanza, kwa sababu karatasi ilikuwepo na hakuna aliyeifungua. Katika ramani ya amri, herufi T yenye namba ni mti mmoja mmoja, G ni kundi la miti, W ni pori zima. Idhini hutolewa kwa mti uliotajwa na kwa kazi iliyotajwa. Ruhusa ya kupunguza mita 2 kwenye mti wa pili si ruhusa ya kuuangusha wa kwanza, hata kama imepigwa mhuri na kusainiwa. Mwenye nyumba angeweza kuomba idhini ya T1 bila kulipa ada yoyote, na halmashauri hupewa wiki 8 za kutoa uamuzi. Wiki 8 tu, kwa mti ambao huenda ulikuwa umesimama kabla babu wa mwenye nyumba hajazaliwa.

Salimu: Jana msimamizi alituita wote akasema kwamba tukiulizwa tuseme mti ulikuwa umeoza na ungeiangukia nyumba, kwa hiyo kibali hakikuhitajika. Anasema sheria inaruhusu.

Baba Mdogo Idi: Kama sheria inaruhusu, basi na aseme hivyo, mambo yaishe.

Shangazi Mwanaidi: Kaka, hapana. Salimu, nisome kwa makini. Ni kweli kwamba mti uliokufa au ulio hatarini kuanguka una msamaha wake. Lakini anayedai msamaha ndiye anayebeba mzigo wa kuuthibitisha, na isipokuwa hatari iwe ya papo hapo, halmashauri hupewa taarifa ya maandishi siku 5 za kazi kabla msumeno haujagusa gome. Anayekata kwa dharura hupiga picha, hutunza kipande cha shina, na hutoa taarifa mapema iwezekanavyo. Je, kuna lolote kati ya hayo lililofanyika? Na wewe mwenyewe ulikiona nini?

Salimu: Hakuna taarifa wala picha. Mimi ndiye niliyekata mkato wa mwisho. Kisiki kilikuwa kizima kutoka gome hadi moyoni. Hapakuwa na tundu, hapakuwa na uozo, na mbao ilikuwa ngumu hata tukasimama mara mbili kuunoa mnyororo. Magogo yalipakiwa kwenye lori siku ile ile, na nilisikia kwamba yaliuzwa kwa mtengeneza samani.

Shangazi Mwanaidi: Basi umeshajijibu. Magogo yaliyooza hayanunuliwi na mtengeneza samani, na afisa wa miti wa halmashauri atakipima kisiki kile kabla hujafika kwenye mahojiano. Ukisema uongo huo, utakuwa umeacha kosa la faini na kuingia katika kosa la kupotosha haki, ambalo kule hufunga watu. Mtafute mwanasheria aliyesajiliwa Uingereza, kwa kuwa leseni yangu ni ya hapa Uganda, na uingie naye ndani ya chumba cha mahojiano. Hiyo ni haki yako. Mweleze kila kitu, pamoja na maneno ya jana ya msimamizi. Hifadhi ile picha ya barua ya idhini, ujumbe wa simu uliokupangia kazi ya siku ile, na karatasi ya kazi yenye jina la aliyeitia saini.

Bibi: Mjukuu wangu, ujira wa kazi nyingine utaupata. Usimsemee mtu uongo.

Salimu: Nimesikia, Bibi. Sitasema nisichokiona.

Kaka Musa (Jinja): Shangazi, samahani kwa kuyachukua mazungumzo, lakini nimeshtuka. Kesho kutwa nina kazi ya kuangusha mvule ulio mbele ya duka, kando ya barabara ya mtaa. Mwenye duka anasema mti unaziba bango lake, na kwamba mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, amekubali na ataandika barua. Ameshanipa malipo ya awali. Kwetu hapa hakuna amri za kuhifadhi mti mmoja mmoja kama za Uingereza, au siyo?

Shangazi Mwanaidi: Musa, usiwashe mashine. Mambo mawili yanakuhusu kabla hatujafika kwenye amri yoyote. La kwanza, mti ulio kando ya barabara kwa kawaida umo ndani ya hifadhi ya barabara, na hifadhi hiyo si mali ya mwenye duka hata kama amepanga viti vyake chini ya kivuli kile kwa miaka mingi. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020, na barabara za mitaa ziko mikononi mwa jiji. La pili, mwenyekiti wa LC1 anaweza kushuhudia, kupatanisha na kukutambulisha, lakini hana mamlaka ya kugawa mali ya jiji, na barua yake haitakulinda.

Kuhusu nani atajibu, Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda inamhesabu mtenda, msaidizi na aliyemshawishi kutenda kuwa washiriki wa kosa moja, kwa hiyo kuharibu kwa makusudi mali isiyo yenu kunaweza kuwagusa wote wawili. Hapa kwetu, kwa mashtaka ya jinai, mtu aliyekosea kwa nia njema na kwa sababu ya kuridhisha ana nafasi ya kujitetea kuliko kule kwa Salimu. Lakini katika kesi ya madai, ukikata mti wa mwingine unalipa, hata kama uliapa kwamba ulidhani ni wa aliyekutuma. Na usisahau magogo yenyewe: mvule ni mbao ya thamani, na lori likikutwa nayo njiani bila hati za ofisi ya misitu, dereva na mwenye mzigo watalala kituoni kabla mwenye duka hajapokea simu.

Kaka Musa: Kwa hiyo nimwombe karatasi gani?

Shangazi Mwanaidi: Idhini ya maandishi kutoka ofisi ya jiji inayoutaja mti huo na mahali ulipo, na neno la afisa wa misitu kuhusu kukata na kusafirisha mbao. Uzione mwenyewe, uzipige picha, na umpigie simu ofisa aliyesaini. Katika makubaliano yenu ya kazi andika kwamba vibali ni jukumu la mteja na kwamba kazi haianzi kabla hujavipokea. Makubaliano hayo hayatamzuia mtu kukushtaki, lakini yatakusaidia kudai fidia kwa mteja kama amekudanganya.

Baba Mdogo Idi: Na mimi niulize langu, kwa kuwa tumefika huko. Matawi ya mwembe wa jirani yameingia juu ya paa langu. Nayo yanahitaji karatasi?

Shangazi Mwanaidi: Hayo unaweza kuyakata mwisho wa mpaka wako, kaka, kanuni hiyo iliamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na sheria ya kimazoea ya Kiingereza inatumika hapa kwetu pale ambapo hakuna sheria yetu inayopinga. Usivuke mpaka, usiuue mti, na matawi pamoja na maembe yaliyomo mrudishie mwenyewe. Mwambie kwanza, kwa ajili ya ujirani.

Kaka Musa: Nimempigia simu mwenye duka sasa hivi. Alikasirika, akasema wako wakata miti wengine watakaoifanya kazi kesho bila maswali. Nimemwambia kwamba ninamrudishia fedha zake asubuhi, na akipata idhini ya jiji nitakuja siku hiyo hiyo.

Shangazi Mwanaidi: Vizuri sana. Na ukipita pale asubuhi, pitia pia ofisi ya jiji uwaarifu kwamba mvule ule unatafutiwa mkataji. Salimu, mahojiano ni lini?

Salimu: Alhamisi ijayo, Shangazi. Kesho nitakwenda kwenye kituo cha ushauri wa kisheria kilicho karibu na ninapoishi, na picha ya barua ya T2 nimeshaihifadhi mahali pawili.

Shangazi Mwanaidi: Ukishampata mwanasheria, nitumie jina lake faraghani, si humu. Na kuanzia sasa usiandike lolote juu ya jambo hili katika kikundi cha wenzako wa kazini.