Sahani ya kaure yenye maua ya waridi: je, ni ya zama za Gedi?

Mjukuu wa Lamu
Hamjambo wanajukwaa. Marehemu bibi yetu alituachia sahani ya kaure ya Kichina ambayo kwa miaka mingi ilikaa kwenye kidaka, yaani shubaka la ukutani, nyumbani kwake Lamu, na sasa ninayo hapa South C, Nairobi. Imechorwa maua makubwa ya waridi na ndege wawili, ukingoni ina mstari wa dhahabu uliofifia, na chini yake pana maandishi sita ya Kichina kwa rangi nyekundu. Wazee husema ni ya zama za Gedi, mji wa kale ulio magofu karibu na Malindi, na muuza vitu vya kale mmoja hapa mjini anashikilia kwamba ni ya enzi ya Ming ya wafalme wa Uchina. Naomba mnieleze umri wake hujulikanaje, na kama inafaa kupakuliwa chakula siku ya Idi, kwani mama anatamani sana iwe mezani.

Mkusanyaji wa Parklands
Ndugu yangu, ikiwa rangi hiyo ya waridi ni enameli, yaani rangi ya kioo kilichosagwa inayochomewa juu ya kaure, basi Gedi na Ming zote mbili haziwezekani. Gedi ilikuwa imehamwa kufikia karne ya 17, na Ming ilianguka mwaka 1644, ilhali waridi ya namna hiyo, inayotokana na chembe ndogo mno za dhahabu ndani ya kioo kilichosagwa, ilianza kuonekana juu ya kaure kwenye miaka ya 1720, utawala wa mfalme Kangxi wa Uchina ulipokuwa ukiisha na wa Yongzheng ukianza. Pamoja nayo uliingia weupe mzito wenye arseniki, ambao ulimwezesha mchoraji kulififisha petali moja kutoka wekundu uliokolea hadi karibu na nyeupe. Vyombo vya Kichina ambavyo mwanaakiolojia James Kirkman alivifukua Gedi kuanzia mwaka 1948 ni vya namna nyingine: vingi ni vya kijani kibichi tulivu, au vyeupe vyenye michoro ya buluu iliyolala chini ya tabaka la kioo.

Enameli hukaa juu ya tabaka hilo. Sahani nyeupe huchomwa kwanza katika joto la nyuzi 1300 hivi, kama ilivyofanywa Jingdezhen, mji wa kaure wa Uchina, kisha huchorwa na kurudishwa katika tanuri dogo la nyuzi 700 hadi 850. Kwa hiyo pitisha ncha ya kidole juu ya ua, utahisi petali limeinuka kidogo. Halafu litazame kwa lenzi: ukiona vitone vilivyojipanga safu safu, picha hiyo ni ya chapa iliyobandikwa. Maandishi ya chini usiyategemee, maana mafundi waliendelea kuandika majina ya wafalme wa kale muda mrefu baada ya wafalme hao kufa.

Mwalimu wa Kemia, Ngara
Kuhusu chakula, tafadhali msiipakulie. Enameli hizi huyeyuka katika joto dogo kwa sababu zimetiwa risasi, na ndimu, siki au ukwaju huweza kuitoa risasi hiyo ikaingia kwenye chakula. Kachumbari ndiyo ningeiogopa kuliko vyote. Mama anaweza kuiweka mezani ikiwa tupu, na wageni wataiona vizuri zaidi. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, bila kuusugua mstari wa dhahabu.

Mjukuu wa Lamu
Nawashukuru sana. Petali zimeinuka kweli, na kwa lenzi naona mikwaruzo ya brashi isiyolingana, bila vitone. Mama amekubali isiguswe na chakula. Je, nimwambie kwamba ni ya karne ya 18?

Mkusanyaji wa Parklands
Bado. Waridi inatuambia tu kwamba haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, kwani sahani za aina hii zilichorwa pia katika karne ya 19 na ya 20. Hata hivyo mwambie kwamba majumba mengi ya mawe ya Lamu yenye zidaka yalijengwa katika karne hiyohiyo ya 18 iliyoizaa rangi hii, na kwangu mimi hilo ni jambo la fahari kuliko Ming ya kubuniwa. Piga picha za mbele, nyuma na ukingo kwenye mwanga wa mchana, uandike pamoja nazo wazee wanamkumbuka nani aliyeileta nyumbani, kisha uombe kuonana na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Ukipata nafasi ya kwenda Mombasa, ingia Fort Jesus uilinganishe na kaure iliyowekwa huko.