Toruń, Polandi: siku mbili zinatosha?

Kijana_Kihesa:
Wakuu habari za jioni. Niko Iringa, mwezi wa tano naenda kumtembelea dada yangu anasoma Warsaw, viza nimeshapata. Yeye atakuwa bize na mitihani, kaniambia nichague mji mmoja niende mwenyewe siku mbili. Nimeona picha za Toruń pale kandokando ya mto Vistula, majumba ya matofali mekundu, nikapapenda sana. Aliyefika anisaidie, naanzia wapi? Napenda historia, mambo ya klabu hapana.

BintiTukuyu:
Karibu sana kaka, umechagua vizuri mno. Nimesoma mji wa jirani miaka miwili, Toruń nilikuwa naenda kila nikipata nafasi. Treni toka Warsaw ni kama masaa matatu hivi. Sasa sikiliza, stesheni kubwa ya Toruń Główny iko ng'ambo ya mto, wengi wanapanda basi, wewe vuka daraja kwa mguu uone ukuta na minara na makanisa vyote vimejipanga kandokando ya maji, mimi mara ya kwanza nilisimama katikati ya daraja hata begi nikasahau kuwa ni zito. Vita ya pili haikuubomoa mji wa kale ndo maana uko vile, UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia 1997.

Copernicus kazaliwa pale 1473, yule aliyesema dunia ndo inazunguka jua, sanamu yake iko hapo hapo kwenye jengo la halmashauri la zamani. Panda mnara wa jengo hilo. Ila usiondoke bila pierniki, zile biskuti za asali na tangawizi na karafuu, kuna makumbusho unakanda unga mwenyewe unaugandamiza kwenye kibao kilichochongwa, ukiubandua umetoka na picha yake, mistari yote inaonekana. Mikono yangu ilinukia karafuu mpaka usiku, nikakumbuka pilau la mama.

Siku mbili zinatosha, ila lala humo humo mji wa kale.

Mzee wa Mafinga:
Kijana, wewe ni mtu wa Iringa, hili ulijue kabla hujapanda ndege. Hapo Ifunda, na Kidugala kule Njombe, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita ya pili, wengi wao kina mama na watoto, walikuwa wamehamishiwa Siberia kwa nguvu, wakatoka wakapitia Uajemi ndo wakaletwa Tanganyika kuanzia 1942. Makaburi yao yapo mpaka leo. Ukikaa na wenyeji huko waambie umetokea wapi.

Kijana_Kihesa:
Shikamoo mzee, asante sana. Ifunda napita kila nikienda Mafinga na hilo sikuwahi kulisikia. Dada BintiTukuyu ubarikiwe, na baridi je mwezi wa tano?

BintiTukuyu:
Mchana hali ya hewa nzuri tu, jioni pale mtoni sweta lako la Iringa linatosha.

Kijana_Kihesa:
Sawa dada. Jumamosi naenda Ifunda kwanza, nipige picha za hayo makaburi niende nazo.