Tupeane uzoefu: Ramani za zamani za Mombasa, unaijuaje halisi na unaitunzaje?

Wanajamvi, salaam. “Mombasa ya 1572” inauzwa kila kona ya Mji wa Kale, na nyingi ni nakala. Unaanza kukagua wapi? Ukishanunua, unaiwekaje na unyevu wetu huu? Za nani kamtapeli nani tuziache, tupeane mbinu.

bahari_ya_kuze: Anza na mchoro. Ni wa Braun na Hogenberg, waliotoa kitabu cha picha za miji ya dunia, juzuu ya kwanza, Cologne. Mombasa haikupewa ukurasa wake: Aden imekaa juu, chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala, zote kwenye bamba moja la shaba. Ukiletewa Mombasa peke yake, ama imekatwa ama ni nakala. Na ukiona Fort Jesus humo, rudisha. Ujenzi wake ulianza 1593.

Kisha pitisha kidole pembeni. Bamba lilikandamizwa kwenye karatasi mbichi, kwa hiyo huacha bonde jembamba kuzunguka mchoro. Kipande kilichokatwa hukosa bonde hilo pande mbili au zaidi. Inua kwenye mwanga: karatasi ya wakati ule ina mistari, ile minene ikiachana kama sm 2.5. Isiyo na mistari kabisa haiwezi kuwa ya 1572, maana karatasi laini ya namna hiyo ilikuja karne ya 18. Ila mistari peke yake si ushahidi, viwanda huiiga. Geuza nyuma pia: matoleo ya kitabu yana maandishi mgongoni, Kilatini, Kijerumani au Kifaransa.

binti_kibokoni: Ami, na zile za rangi?

bahari_ya_kuze: Chukua lenzi ya mara 10. Ukiona vidoti vidoti, ni mashine. Rangi ya mkono hutanda, tena huvuka mstari hapa na pale. Kijani cha zamani kilitokana na shaba, nacho hula karatasi; mgongoni huonekana doa la kahawia palepale penye kijani. Kijani kibichi na mgongo mweupe? Huenda rangi imepakwa juzi, hata kama chapa ni halali.

pima_saba: Kwa chati za bahari, soma majina. Port Reitz na Port Tudor yametokana na maafisa wa Owen, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, waliopima bandari miaka ya 1820. Jina hilo kwenye “ramani ya 1750” ni uongo mtupu. Namba majini ni pima, moja ni futi 6, yaani mita 1.83. Msizisome kama mita.

mama_fremu: Kutunza sasa. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji, basi usiegemeze fremu juu yake: gundisha vipande vya mbao vya sm 1 pembe nne za nyuma, hewa ipite. Kioo kisiguse karatasi, weka pasipatuu, yaani kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, isiyo na asidi. Ikigusa, masika hii ukungu unaanzia hapo hapo. Selotepu ni haramu, gundi yake huingia ndani na kugeuka hudhurungi. Mpasuko uzibe kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, mwepesi, kidogo sana, halafu kandamiza kati ya karatasi za kukaushia mpaka ikauke kabisa. Ukizidisha uji umewapikia wadudu wa fedha, wale wanaokula karatasi na wanga.

pima_saba: Nyongeza kwa wanaopachika ramani za serikali za 1:50,000 kwenye kompyuta: chagua Arc 1960, mfumo wa vipimo uliochorewa ramani hizo, kanda ya 37 Kusini. Ukiweka WGS 84, ule wa GPS, kila kitu kinahama karibu mita 300, na Mji wa Kale mita 300 ni baharini.