Nimechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya: mlei analeaje imani ya mwenzake?

Mlei wa Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo. Hivi karibuni wanajumuiya wenzangu walinichagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo, yenye kaya zisizozidi ishirini, katika parokia moja ya hapa jijini. Kazi za kawaida ninazifahamu: kupanga nyumba ya kusalia kila wiki, kufuatilia zaka na michango, kumwandikia barua ya utambulisho anayehitaji huduma parokiani, kuongoza rozari msibani. Kinachoninyima usingizi ni kazi ambayo haimo katika daftari nililokabidhiwa.

Yupo baba mmoja aliyefiwa na mtoto, na tangu tulipoanua matanga hajaonekana kanisani wala jumuiyani. Ukimpigia simu anapokea kwa heshima, anasema atakuja, lakini haji. Yupo pia mama aliyenifuata baada ya sala akitaka nimwambie kama aendelee kuvumilia katika ndoa yake, nami sikuthubutu kusema zaidi ya kumwahidi kwamba nitamwombea. Paroko wetu ni mtu mwema sana, ila ana vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia, vya kuhudumia, na wengi humwona Jumapili tu, tena kwa haraka.

Mimi ni fundi seremala, na masomo yangu ya dini yaliishia kipaimara na semina chache za walei. Je, mlei, yaani Mkristo wa kawaida asiye padre, ana nafasi gani ya kumwongoza na kumtunza mwenzake katika imani bila kujifanya padre, na mpaka wake uko wapi? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa wale waliowahi kuifanya kazi hii, hata kama ni wa madhehebu mengine.

Katekista Mstaafu

Milele, amina. Ndugu mwenyekiti, nafasi hiyo hukupewa na kura za jumuiya. Ulipewa siku ya ubatizo, na kura zimekukumbusha tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu utume wa walei ya Novemba 1965, ulifundisha kwamba utume huo unatoka kwa Kristo mwenyewe kwa njia ya ubatizo na kipaimara. Na maaskofu wa ukanda wetu walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakaweka ujenzi wa jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele, walikusudia pawepo mahali ambapo Wakristo wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Inanihuzunisha kwamba katika sehemu nyingi jumuiya imebaki kuwa kituo cha kukusanyia michango.

Ukidhani jambo hili ni geni, litazame Kanisa la Buganda, la wale mashahidi wa Uganda. Wamisionari wa Afrika waliondoka huko mwishoni mwa mwaka 1882, wakavuka ziwa kuja kusini, upande huu wa Mwanza, na hawakurudi mpaka mwaka 1885. Kwa muda wote huo hapakuwa na padre hata mmoja, na bado waamini waliongezeka, kwa sababu walei walibeba kazi: Yosefu Mukasa akiwalea vijana wa ikulu, Andrea Kaggwa akifundisha watu wa kwake, na Matia Mulumba akiitunza jumuiya ya Mityana pamoja na Noe Mawaggali. Yosefu alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga aliyeshika nafasi yake kwa wale vijana alikuwa ndiyo kwanza anabatizwa. Mei 1886, kifo kilipokuwa kimekaribia, yeye mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, waliokuwa bado, Kizito akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyekuwa msomi wa teolojia kati ya hao. Walikuwa wanakaa pamoja na watu waliowalea, na walijua nani ana hofu na nani anajaribiwa.

Sasa nizungumzie huyo baba aliyefiwa. Usimpigie tena simu, nenda kwake. Nenda jioni akiwa ametoka kazini, peke yako au na mtu mmoja anayemheshimu, na usibebe lile daftari la michango, kwa sababu akiliona tu mkononi mwako atahesabu madeni yake na hatasikia utakalosema. Usianze na “mbona huonekani.” Mtaje mtoto kwa jina lake. Watu wengi huogopa kulitaja jina la marehemu wakidhani wanatonesha kidonda, kumbe mzazi anaumia zaidi akiona kila mtu amelisahau. Usimwambie kwamba Mungu alimpenda zaidi mwanawe. Maneno hayo yamewafukuza wengi kanisani. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na ubaya wao ulianza walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake. Akikubali msali, Zaburi ya 13 inatosha, kwa maana ndani yake mtu wa Mungu anauliza “hata lini” na hakemewi. Kisha urudi wiki nyingine, na nyingine, hata kama hajakanyaga jumuiyani.

Mama Neema, Moshi

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, na ninakubaliana na katekista, ila ningependa kuongeza jambo la siri, maana hapo ndipo nimeona watu wengi wakijeruhiwa.

Mtu akikueleza neno lake la ndani, halafu wewe ukasimama kwenye maombi na kusema “tumwombee dada yetu fulani, nyumba yake haina amani,” umemtangaza mbele ya majirani zake kwa jina la maombi. Siku hizi jambo hilo limezidi kwa sababu ya makundi ya WhatsApp: habari za mgonjwa, majibu ya vipimo, ugomvi wa wanandoa, vyote vinatumwa humo vikiwa vimefunikwa na maneno “tuwakumbuke katika sala.” Mama aliyekufuata baada ya sala alikuamini wewe, hakuliamini kundi zima. Mwombee kwa jina ukiwa chumbani mwako, na hadharani usiseme kitu bila ruhusa yake.

Tena, usimsikilize peke yako kila mara. Mtafute mama mtu mzima, mwenye kifua cha kutunza neno, mmoja ambaye huyo dada mwenyewe atamkubali. Akila na Prisila walipomsikia Apolo akifundisha kwa bidii lakini bila ukamilifu, hawakumsahihisha mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao wakamweleza taratibu, mume na mke pamoja. Ninatamani wasimamizi wetu wa ndoa wangefanya hivyo. Tumezoea kuwachagua kwa kuangalia gari na uwezo wa kuchangia, na baada ya sherehe hawajulikani walipo, ilhali wao ndio wangepaswa kubisha hodi mambo yanapoharibika.

Ndugu wa Ngara

Bwana asifiwe sana. Nimelelewa katika ushirika wa Uamsho, ndani ya Kanisa la Anglikana, na huko kazi hii imekuwa mikononi mwa watu wa kawaida tangu mwanzo. Simeoni Nsibambi, aliyeomba na kusoma Neno pamoja na daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, hakuwa mchungaji. Kutoka kwa watu wa namna hiyo moto ulienea Rwanda, Uganda, Kenya na huku kwetu, wakulima na walimu wakikutana majumbani, wakisoma Neno na kutubu wao kwa wao.

Ninaheshimu aliyosema Mama Neema, lakini siri ikizidi nayo inaua. Ndugu wetu wengi wameteketea na ulevi au madeni kwa sababu hapakuwa na hata mtu mmoja waliyeweza kumweleza. Yakobo anasema tuungamiane dhambi na kuombeana. Ni kweli kwamba katika baadhi ya vikundi vyetu watu walisukumwa kukiri hadharani mambo yaliyopaswa kusemwa faraghani, na wengine wakatumia toba za wenzao kuwahukumu, hilo silitetei. Lakini wewe mwenyekiti, tafuta watu wawili au watatu ambao utawaeleza udhaifu wako mwenyewe. Anayewalea wengine pasipo mtu wa kumwuliza habari ya roho yake, mwisho hugeuka bwana juu ya kundi, na Petro aliwakataza wazee jambo hilo hilo.

Muuguzi

Ninaomba nijibu lile swali la mpaka, kwa kuwa ninayaona matokeo yake wodini. Kabla ya kumshauri mama huyo lolote kuhusu kuvumilia, mwulize mkiwa faragha kama anapigwa au kutishiwa. Akisema ndiyo, usiwaite wanandoa kusuluhishwa jumuiyani, kwa sababu aliyosema mbele yenu atayalipia usiku. Msindikize hospitali kama ameumia, na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto akidhurika, namba 116 hupigwa bure. Padre ataelezwa pia, ila usalama wa mama huyo kwanza.

Vivyo hivyo, asiwepo mtu katika jumuiya yenu wa kumwambia mgonjwa aache dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kisukari au za kifafa kwa sababu ameombewa. Mtu akisema hataki kuishi, msimwache peke yake, mmfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mwendelee kusali naye huko.

Mlei wa Mwanza

Ninawashukuru nyote. Kesho jioni nitakwenda kwa yule baba, na mke wangu amekubali kumtembelea yule mama pamoja na mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, tunayemwamini. Nina swali moja tu kwa katekista: je, nimpelekee paroko habari za huyo baba kabla sijamtembelea?

Katekista Mstaafu

Nenda kwanza. Ukishakaa naye, mwulize kama angependa padre afike nyumbani. Akikubali, mpeleke paroko wewe mwenyewe, na akikataa, mwambie paroko amkumbuke katika Misa, bila kueleza zaidi, nawe uendelee kumtembelea.