Tupeane uzoefu: mikonge na mishubiri ya mabaka, yamewakuta yapi?

Wakuu habari za jioni. Mwenzenu niko Chumbageni, Tanga. Kibaraza kimejaa makopo mpaka mama watoto anauliza wageni watakaa wapi. Ugonjwa wangu ni mimea ya majani manene, hasa yenye mabaka au mistari. Naanza na aibu yangu, nanyi mtoe zenu.

Mama mkwe ana ule mkonge wa urembo, majani yamesimama kama panga, kingo za njano. Nikamwomba mbegu, akanikatia jani moja. Nikalikata vipande vya vidole vinne, nikaacha vidonda vikauke siku tano, nikachomeka kwenye ndoo ya rangi yenye mchanga wa mto. Vitatu nilivigeuza juu chini bila kujua. Hivyo havitoi mizizi, vikaoza. Viwili vilikaa kimya masika nzima. Siku moja nakuta kitu kimechungulia kando ya kipande, kama pembe ya mwanambuzi. Nilishangilia! Kikakua kijani kitupu, hata uzi wa njano hakuna. Nikadhani kinataka jua. Wapi! Kumbe jani lile lina tabaka za seli za aina mbili, na chipukizi la kipande huanzia kwenye zile za kijani. Ukizitaka kingo zako, chimba, ugawe shina la chini ya udongo pamoja na mche wake. Nimemrudia mama mkwe na kilo mbili za sukari ndipo akakubali jembe liguse kitalu chake.

Wa Pongwe: Pole kaka, wewe ulipewa bure. Mimi nilinunua mkonge wa urembo wa buluu kwa muuzaji wa kupita. Majani mapya yakaja kijani. Nikakwangua la zamani kwa ukucha: rangi ya kupuliza!

Bibie wa Raskazone: Changu kinauma zaidi. Mshubiri wangu wa mabaka ulizaa kitoto cheupe pepepe, kama karatasi. Nikajua nimeokota lulu, nikakitenga kwenye kopo lake. Wiki sita, kimesinyaa. Hakina ukijani hata chembe, kitajipikia na nini? Kilikuwa kinanyonya kwa mama yake, nami nikamwachisha ziwa. Na hao wenye weupe mwingi msiwaweke jua la saa saba, wanaungua. Wangu wanakula jua la asubuhi tu.

Wa Ngamiani: Shikamooni wakubwa. Mkonge wa urembo wangu ulitoa miche miwili ya kijani, nikaionea huruma. Imekua mbio, ikawabana wenye mistari mpaka hawaonekani. Siku hizi nikiona kijani nang'oa mapema. Jirani ananicheka, eti Tanga nzima imejaa mkonge na mimi nafuga mwingine kwenye ndoo! Nikamwambia hata ule wa mashambani, 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62. Nao ulianza na michache, kama wangu wa ndoo.

Wa Makorora: Masika hamisheni chini ya paa. Mimi udongo wa bustani ulinituamia maji, shina likawa uji. Sasa nusu changarawe, na mchanga sichoti baharini, una chumvi.

Mwenye mada: Bibie wa Raskazone, Mungu akupe maisha marefu. Mshubiri wangu nao una kitoto cheupe, na kisu nilishakinoa tangu jana. Nimekirudisha jikoni.