Mama ana kipande, kaka hana: haki ya Wapemba wa Kilifi iko wapi kisheria?

BintiMvuvi: Assalaam alaykum. Sisi ni Wapemba wa Kilifi. Babu alihamia pwani hii kabla ya uhuru, na watoto wake wote wamezaliwa hapa. Serikali ilipotutambua mwaka 2023, mama aliandikishwa na akapata kipande, yaani kitambulisho cha taifa, lakini kaka yangu alikuwa ameenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali na nyumbani, maafisa walipopita kijijini. Hadi leo samaki wake huuzwa kwa jina la jirani, na laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la huyo huyo, kwa hiyo hata fedha zake hupitia mkononi mwa mtu mwingine. Je, ana haki kisheria, au anasubiri hisani?

Msaidizi_wa_Sheria: Waalaykum salaam, dada. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 kinamruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, kuomba kuandikishwa, na kifungu cha 17 kinawapa nafasi hiyo watoto wake waliotimu miaka 18. Tatizo ni kwamba maombi yaliwekewa muda wa miaka mitano, ambao waziri aliweza kuuongeza kwa mitatu tu, na muda huo ulikwisha mwaka 2019. Hapo ndipo penye dhuluma: uraia wa mtu aliyezaliwa hapa haupaswi kuwa na siku ya mwisho kama zabuni.

Mmakonde_Kwale: Ni kweli. Wazee wetu walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na sheria hiyo ilikuwapo tangu 2011 bila kutufaa, mpaka Oktoba 2016 watu wetu walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kuonana na rais. Ndipo vitambulisho vikatoka. Andikeni malalamiko kwa pamoja, ninyi nyote mliorukwa, kwa sababu mtu mmoja mmoja huzungushwa tu.

Mama_Saumu: Naongeza jambo la watoto. Ikiwa mke wa kaka yako ni raia, kila mtoto aliyezaliwa baada ya mama huyo kupata uraia ni raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa ibara ya 14 ya Katiba ya 2010, hata kama baba hana kipande. Chukueni vyeti vyao vya kuzaliwa mapema. Na tafadhali, mwanangu, kaka asikubali kuandikishwa kama mwana wa jirani, kwani atakapotaka kuthibitisha kwamba mama yake ni huyo mwenye kipande, karatasi zake mwenyewe zitamkana.