Gundi ya haraka au gundi ya polepole: ipi hudumisha kope katika hewa ya Pwani?

Fundi_Likoni (Mombasa)

Assalaam aleikum, mafundi wenzangu. Nilijifunza kubandika kope za bandia moja moja nikiwa Nairobi, na wateja wangu wa huko walikuwa wakikaa wiki tatu kabla ya kurudi kujaziwa, yaani kubandikiwa kope mpya palipopungua. Tangu nihamie Mombasa, kwa gundi ileile na kibano kilekile, kope huanza kudondoka siku ya sita au ya saba, na nyingine hudondoka zikiwa na kipande cheupe kigumu cha gundi shinani. Gundi yangu ni ya haraka, yaani hushika kati ya nusu sekunde na sekunde moja. Ninafikiria kuhamia ile ya polepole, ya sekunde mbili hadi tatu, lakini ninahofia kwamba kope zitagandana kabla sijamaliza jicho. Waliotumia zote mbili naomba wanieleze tofauti waliyoiona.

Mama_Kibano (Dar es Salaam)

Waaleikum salaam, mwanangu. Hicho kipande cheupe ndicho jibu lako. Gundi ya kope ni kemikali iitwayo sianoakrilati, na sianoakrilati haikauki kama rangi ya kucha, kwa kupoteza maji. Hukazwa na unyevu inaoupata hewani na juu ya ukope wenyewe. Gundi nyingi za haraka zimetengenezwa kwa chumba chenye unyevu wa kati ya asilimia 45 na 60, na hewa yetu ya Pwani hupita asilimia 70 kwa urahisi, hasa asubuhi. Maana yake ni kwamba unapotoa ukope kwenye tone la gundi na kuupeleka jichoni, gundi imekwisha kujifunga utando kwa nje, kwa hiyo ukope wa bandia unakalia utando badala ya kushikana na ukope wa asili. Unaonekana umeshika, mteja anaondoka akitabasamu, na baada ya siku chache unang'oka mzima mzima.

Mimi ninatumia gundi ya polepole mwaka mzima. Hofu yako ya kugandana ni ya kweli kwa siku za mwanzo, na dawa yake ni kufanya kazi kwa kuruka: bandika ukope mmoja kona ya nje, mwingine katikati, mwingine kona ya ndani, kisha rudi nje, uhamie jicho la pili, ili kila ukope upate nafasi ya kukaza kabla jirani yake hajaguswa. Nunua pia kipima unyevu, nacho usikitundike ukutani karibu na mlango. Kiweke kitandani, karibu na kichwa cha mteja, kwa sababu hapo ndipo gundi ilipo. Ukiwa na kiyoyozi utaona namba inashuka, lakini upepo wake usielekee kwenye tone.

Saluni_Ngong (Nairobi)

Ninakubaliana na Mama kuhusu Pwani, ila wasomaji wa bara wasiichukue kama sheria ya kila mahali. Huku kwetu, mchana wa Januari au Februari, gundi ya polepole hubaki majimaji, ukope unalala upande, na ninajikuta ninaushikilia kwa kibano hadi mkono unachoka. Kwangu ya haraka inashinda bila shaka. Kinyunyizio cha mvuke wa maji kinanisaidia mimi mwishoni mwa kazi, lakini dada wa Likoni akikitumia katika hewa ile ataifanya gundi ikaze kwa ghafla zaidi, na hilo ndilo tatizo analolilalamikia.

Niongeze jambo ambalo naona linasahaulika tunapobishana kuhusu gundi: eneo la mshikamano. Wateja wengi wetu wana kope za asili zilizojikunja sana au zinazoelekea chini, nasi tunawawekea kope za mkunjo wa D, yaani zilizopinda sana kwenda juu, kwa sababu picha zake ni nzuri. Mkunjo ule huanza kupinda mapema mno, kwa hiyo shina hugusa ukope wa asili kwa kipande kidogo tu. Nilipohamia kope bapa, ambazo shina lake ni pana na uzito wake ni mdogo kuliko za mviringo zenye unene uleule, nilipata faida kubwa kuliko ile niliyoipata kwa kubadilisha gundi. Kwa kope zinazoelekea chini, mkunjo wa L wenye shina lililonyooka hulala vizuri zaidi.

Mteja_Tanga

Naomba kusema kwa upande wa tunaolala kitandani. Mimi hupaka wanja kila siku, na kwa miaka miwili hakuna fundi aliyewahi kuniosha kope kabla ya kazi. Walipangusa kwa pamba kavu wakaendelea. Fundi wangu wa sasa huniosha kwa sabuni ya povu ya kope, husuuza, hukausha kwa feni ndogo, ndipo hupitisha praima, kimiminika cha kuandaa kope kabla ya gundi. Kope zangu sasa zinanifikisha kwenye wiki ya tatu, na mimi ni mtu wa kutawadha mara tano kwa siku.

Mama_Kibano (Dar es Salaam)

Bibie umenena. Mafuta ya wanja yakibaki shinani, gundi hushika mafuta badala ya ukope, iwe ya haraka au ya polepole. Na mwanangu wa Likoni, badilisha tone kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata kama linaonekana zuri, na chupa iliyofunguliwa isizidi wiki nne hadi sita.

Fundi_Mikocheni

Tahadhari moja kabla ya kubadilisha gundi: mbandikie mteja kope chache tu, usubiri siku moja au mbili. Akivimba au kuwashwa ukingoni mwa jicho, usimwendelee, na usijaribu kumtuliza kwa kupunguza idadi ya kope. Tena acha nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja kutoka kwenye ngozi.

Fundi_Likoni (Mombasa)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Kipima unyevu kilionyesha 78 bila kiyoyozi, na 61 kikiwashwa kwa saa moja. Dada yangu alinikubalia nimwoshe vizuri, kisha nimbandikie kope bapa macho yote mawili: kulia gundi ya polepole, kushoto ya haraka, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Siku ya kumi kushoto kulikuwa na mapengo matatu kwenye kona ya nje, kulia hakuna hata moja. Leo, siku ya ishirini na moja, kulia kumepungua pia, lakini kope zilizodondoka zimetoka pamoja na ukope wa asili uliomaliza muda wake, na hakuna shina jeupe hata moja. Kesho ninamjazia macho yote kwa gundi ya polepole. Kasi yangu imeshuka, kazi ya saa mbili sasa inachukua karibu saa mbili na nusu, nami nimeanza kuwaeleza wateja muda huo wanapopiga simu kuweka miadi.